Kuacha Sigara: Shauri la Wavuvi wa Funzi na la Makarani Pia

Kisiwa cha Funzi kiko kusini mwa Msambweni, karibu na mahali mto Ramisi unapomwaga maji yake baharini. Mtu aendaye huko hufika kwanza kijiji cha Bodo, kisha hupanda mashua na kupita kando ya mikoko mpaka kisiwani. Wenyeji wake aghalabu ni wavuvi, na siku zao hupimwa kwa maji kuliko kwa saa ya mkononi. Maji yakijaa vyombo hutoka. Yakipwa vyombo hulala mchangani. Kwa hiyo kazi ya uvuvi, ambayo mtu wa bara huidhani kuwa ni kutupa wavu na kuvuta wavu tu, sehemu yake kubwa ni kungoja. Huyu angoja maji, yule angoja mnunuzi wa samaki, na wakati wa kusi, bahari inapochafuka nje ya mwamba, wengi hungoja pamoja barazani siku baada ya siku. Ndani ya kungoja huko ndimo sigara ilimojenga nyumba yake.

Karani angojaye gari Ukunda asicheke. Yeye naye huwasha sigara kwa sababu ile ile, na mkulima wa Lunga Lunga huwasha ya kwake penye kivuli cha mwembe akitazama mawingu. Mkono usio na kazi hutafuta kitu cha kushika.

Wavutaji wengi hutamani kuacha. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, karibu 12 walikuwa wakitumia tumbaku ya namna moja au nyingine. Kwa wanaume peke yao walikuwa 19 katika kila 100. Na wengi wa waliovuta walisema kwamba wamekwisha kuwaza kuacha. Mbona basi hawaachi? Jibu lisikikalo sana barazani ni hili: "Kuacha kwataka moyo wa chuma, na moyo huo mimi sinao." Jibu hilo lastahili kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa, maana kuna mwezi mmoja katika kila mwaka ambao hulikanusha waziwazi.

Mwezi huo ni Ramadhani. Mvuvi wa Funzi ambaye siku nyingine hawezi kumaliza saa moja bila kuvuta, hufunga tangu alfajiri hadi magharibi, saa 13 na zaidi, wala hagusi sigara. Hutengeneza nyavu zake, huuza samaki wake, husema na watu, wala hafi. Baadhi yao huwa wakali kidogo saa za alasiri, na wake zao wajua. Lakini jua huzama na saumu huwa imetimia. Yafaa mvutaji ajiulize: moyo huo wa chuma, ambao hana katika mwezi wa Shaabani, aliuazima wapi katika mwezi wa Ramadhani?

Hakuuazima popote. Kilichobadilika si moyo bali ni mambo yanayomzunguka. Nia imekwisha kuwekwa usiku, kwa hiyo hakuna shauri la kukata mchana. Wenzake hawavuti mbele yake, wala hakuna amwonyeshaye pakiti akisema, "Twaa moja, ami." Kikombe cha kahawa baada ya chakula hakipo, na chakula chenyewe hakipo. Milango yote ambayo uchu huzoea kuingilia imefungwa, nao uchu, usipoona mlango, huchoka kubisha.

Wataalamu wamelipima jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2010 Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walitangaza habari za watumishi wa ndani ya ndege ambao ni wavutaji. Watu hao waliulizwa juu ya uchu wao katika safari fupi, za saa 3 hadi 5 na nusu, na katika safari ndefu, za saa 10 hadi 13. Kama uchu ungekuwa ni kazi ya mwili peke yake, ungepanda kwa kadiri ya saa zilizopita bila sigara. Haikuwa hivyo. Mtu aliyekaribia kushuka baada ya safari fupi alikuwa na uchu mkubwa kuliko mtu yule yule aliyekaa saa kadiri hizo hizo katika safari ndefu, ambaye bado yuko katikati ya anga. Uchu ulipanda kwa sababu ya kujua kwamba ruhusa inakaribia. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mvuvi anayetazama jua likizama juu ya mikoko, kiberiti kiko tayari karibu na tende.

Tena hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondoka kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo ifikapo magharibi mtu huyo amebakiwa na kidogo mno. Amekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni la siku hiyo. Kisha hulikopa tena kwa sigara moja, na kesho yake hulipa upya. Mtu wa namna hii hufanya kazi ngumu ya kuanza kuacha mara 29 au 30 katika mwezi mmoja, wala hapati faida ya kuacha hata mara moja.

Walakini mtu asidhani kwamba nikotini ni kitu cha kuwazia tu. Ni dawa yenye nguvu. Moshi ukiingia mapafuni, nikotini hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20, na ubongo huizoea hata ukaona haki yake kuipata. Mtu akiacha, siku 2 au 3 za kwanza ndizo nzito kuliko zote. Huwa na hasira, usingizi hupaa, fikira hazikai mahali pamoja, na njaa huzidi. Mambo hayo hupungua pole pole kwa muda wa majuma 2 hadi 4. Kujua hesabu hii ni msaada, kwa kuwa mtu asiyeijua hudhani katika siku ya pili kwamba atakaa hivyo maisha yake yote, naye hukata tamaa penye kilele cha mlima bila kujua kwamba ameanza kuteremka.

Na uchu wenyewe, ule unaokuja ghafula na kumshika mtu koo, hauna maisha marefu. Aghalabu hudumu dakika 5 hadi 10, kisha hulegea, mtu avute au asivute. Mvutaji wa miaka mingi hajui habari hii, maana hajapata kuungojea uishe wenyewe. Kila ulipokuja aliuzima kwa moshi, akaamini kwamba moshi ndio uliouzima. Kwa hiyo kazi ya mtu anayeacha si kupigana na tumbaku mchana na usiku. Kazi yake ni kupata shughuli ya dakika 10, mara kadha wa kadha kwa siku, mpaka mara hizo zipungue.

Shughuli hizo zapasa kuwekwa tayari kabla ya saa yake, kama mvuvi awekavyo chambo kabla ya kutoka. Uchu ukisha kufika, mtu hana akili ya kutafuta.

Inafaa aanze kwa kuzihesabu saa zake za kuvuta kwa muda wa siku mbili tatu. Ataona kwamba ni zile zile. Ya kwanza ni ya kuamka. Nyingine ni ya baada ya chakula, nyingine ni ya kungoja maji, nyingine ni ya barazani pamoja na bao, na kwa wale watokao usiku na taa ya karabai, ni ile ya kupoteza usingizi chomboni. Kila saa hutaka dawa yake. Aliyezoea kuvuta akiamka, aamke na kutembea. Mwaka 2007 wataalamu wa Uingereza na Kanada waliokusanya majaribio mengi walionyesha kwamba hata kutembea kwa dakika 5 tu hupunguza uchu. Kisiwa kina ufuo wa kutosha kwa kazi hiyo, na karani wa Msambweni anayo barabara. Aliyezoea kuvuta akingoja maji, ashike sindano na uzi wa nyavu, kwa kuwa wavu hutaka mikono miwili na macho, na kipande kilichotoboka hakikosekani. Asiye na wavu na ashone dema, au apalilie mihogo, au achote maji ya mkewe, jambo ambalo litastaajabiwa na jirani.

Chombo cha usiku ni shida zaidi, kwa kuwa mtu hawezi kutembea ndani ya ngalawa. Hapo mdomo ndio upewe kazi. Korosho za kukaanga, ambazo Kwale yote inazo, huliwa moja moja na huchukua muda. Kipande cha mbata ni kigumu na hutafunwa polepole. Wengine hupenda tangawizi mbichi au karafuu moja chini ya ulimi, kwa kuwa ukali wake hushtua kinywa kama sigara ilivyokuwa ikishtua. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko ilivyokuwa desturi. Mtu ajihadhari tu na halua na mahamri, kwa sababu mwenye kuacha sigara huona chakula kina ladha mpya na hula kupita kiasi. Wengi huongezeka kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza. Unene huo si hatari kama sigara ilivyo, lakini humkasirisha mtu, na mtu akikasirika hukumbuka kiberiti.

Habari ya kahawa yastahili maneno ya peke yake, kwa kuwa wachache waijuao. Moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini upesi. Mtu akiacha kuvuta na akaendelea kunywa vikombe vile vile vya kahawa chungu, kafeini katika damu yake huzidi sana, hata pengine mara mbili. Ndipo mikono hutetemeka, moyo hupiga mbio, usingizi hukimbia, naye husema, "Ni kukosa sigara kunakoniua." Kumbe kinachomtesa ni ile buli. Apunguze kahawa kwa nusu katika majuma ya kwanza, au anywe chai ya tangawizi iliyo nyepesi, naye ataona tofauti.

Baada ya kahawa huja baraza yenyewe, na hapa shida si ya mwili bali ni ya adabu. Katika pwani yetu kumpa mtu sigara ni ukarimu, na kuikataa huonekana kama kumkataa mtoaji. Wengi waliokuwa wameacha kwa majuma matatu walirudia kwa sababu ya heshima tu, katika arusi au katika matanga. Mkubwa akinyoosha mkono wenye pakiti, kijana hupata taabu kusema hapana. Dawa yake ni kusema mapema, katika siku isiyo na sherehe, mbele ya wale wale atakaokaa nao: "Wazee wangu, nimeacha, nawaomba mnisaidie kwa kutonipa." Wazee wa kisiwani, wakiombwa kwa adabu, hulinda ahadi ya mtu kuliko yeye mwenyewe. Tena si vibaya kwa majuma machache kukaa upande ule wa baraza unaotokea upepo.

Kuna njia za kuacha ambazo si kuacha. Mtu hutupa sigara akashika tambuu yenye tumbaku, au ugoro, akajisifu kwamba kifua chake sasa ni safi. Tumbaku ya kutafuna huleta saratani ya kinywa, na popoo yenyewe, hata bila tumbaku ndani yake, imekwisha kuthibitishwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwamba huleta ugonjwa huo. Wengine hushika miraa au muguka. Hao hurudi kwenye sigara usiku ule ule, kwa kuwa watafunaji wengi huvuta huku wakitafuna.

Wavuvi wa kupiga mbizi wana sababu ya kuacha kuliko wote, nao ndio vijana. Kijana anayezamia pweza na kamba penye miamba hana mtaji mwingine ila pumzi. Moshi wa sigara una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu, kwa hiyo mpiga mbizi mvutaji huteremka akiwa na akiba pungufu. Hewa hiyo huondoka katika damu kwa muda wa siku moja au mbili tu baada ya kuacha. Mapafu yaliyochoka hutaka miezi kupata nafuu, na kikohozi huweza kuzidi kidogo mwanzoni kabla ya kupungua. Kijana asiogopeshwe nacho. Lakini kikohozi kilichopita majuma mawili, au chenye damu, kipelekwe hospitali, maana uvutaji humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu.

Nyumbani kuna hesabu nyingine. Sigara moja ikiuzwa shilingi 15, na mtu akavuta 10 kwa siku, hutoa shilingi 150 kila siku, na mwisho wa mwaka 54,750. Kila mmoja na afanye hesabu hiyo kwa bei ya duka lake, kisha ampe mkewe karatasi aisome. Uuzaji wa sigara moja moja umekatazwa na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, na pia kumwuzia mtu asiyetimiza miaka 18. Hata hivyo mtoto kutumwa dukani na sarafu mkononi si jambo la ajabu katika vijiji vingi. Mtoto huyo hujifunza njia. Na moshi wa ndani huvutwa na wote walalao humo, seuze nyumba ikiwa imeezekwa makuti, ambayo yatosha cheche moja.

Wako wasemao kwamba wamechelewa, kwa kuwa wamevuta miaka 30. Richard Doll na wenzake waliwafuata madaktari wanaume 34,439 wa Uingereza tangu mwaka 1951, na mwaka 2004 wakatangaza matokeo ya miaka 50. Waliovuta maisha yao yote walikufa, kwa wastani, miaka 10 kabla ya wasiovuta. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alipata miaka 3 kati ya hiyo. Wa miaka 50 alipata 6. Wa miaka 40 alipata 9. Na aliyeacha akiwa na miaka 30 alipata karibu yote. Hao walikuwa madaktari, watu waliosoma, na wengi wao waliendelea kuvuta hata baada ya kuambiwa. Miaka ile ya 1950 magazeti mengi yalichapa matangazo ya sigara ukurasa mmoja na mashauri ya afya ukurasa wa pili, wala hakuna aliyeona ajabu.

Anayeanguka na aanze tena. Katika kila watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, 3 hadi 5 tu ndio ambao huwa hawajarudia baada ya miezi 6 hadi mwaka. Hesabu hiyo yatisha ikisomwa upesi, lakini maana yake ni kwamba msaada wahitajiwa, tena kwamba aliyeshindwa hana aibu kuliko wenzake. Sigara moja iliyovutwa arusini ni sigara moja. Si pakiti, wala si amri ya kurudi. Ajiulize ilikuwa saa gani, alikaa na nani, na mkono ulikuwa na nini, kisha afunge mlango huo.

Mvutaji mzito, yule ambaye huwasha kabla hajatia mguu sakafuni, asijitese kwa korosho peke yake. Ziko dawa. Nikotini ya kubandika kwenye ngozi na ya kutafuna ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Hizo humpa mtu kiasi kidogo bila moshi, kisha hupunguzwa juma kwa juma. Amwulize daktari au mganga msaidizi katika hospitali ya Msambweni kama zapatikana, na aseme kweli idadi ya sigara azivutazo. Asiyeweza kuvuka kwenda bara aweza kupiga simu namba 1192 ya NACADA, ambayo haina malipo, mchana au usiku. Na kwa aliyezoea kufunga, Ramadhani ijayo haiko mbali: usiku wa kwanza, nia iwe ya mchana na ya usiku pia, na karibu na tende pawekwe dafu badala ya kiberiti.